Laptopu ndogo ya kuhifadhia picha safarini: ex-UK, Chromebook, au mpya ya bei nafuu?

Ingia duka la kompyuta Kenyatta Avenue mjini Nakuru, au Oginga Odinga Street kule Kisumu, uulize laptopu ndogo ya kubeba safarini. Muuzaji ataanza na prosesa: hii ni Core i5, ile ni Celeron. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi picha, hilo ni swali la mwisho kabisa. Kazi ya laptopu hii ni kutoa picha kwenye kadi ya kamera na kuzifikisha mahali pawili tofauti kabla kadi haijafutwa. Kama haiwezi kufanya hivyo usiku, stima ikiwa imepotea, na bila kukukesheza, i5 yake haitakusaidia.

Bajeti tunayoilenga ni KSh 30,000 hivi, na ndani yake lazima iwemo SSD ya nje (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani). Anayemaliza zote kwenye laptopu kisha akabaki na nakala moja tu ya picha zake amenunua mashine, hajanunua usalama. Kwa pesa hizo utakutana na aina tatu: laptopu ya ofisi iliyotumika, maarufu kama ex-UK, Chromebook (laptopu ya mfumo wa ChromeOS wa Google) iliyotoka shuleni, na laptopu mpya ya Celeron yenye hifadhi ya eMMC (chipu iliyolehemiwa kwenye bodi).

Vigezo

Anza na mlango wa kadi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ya RAW (picha ghafi, kabla haijachakatwa) ya MB 25 hadi 30, na JPEG (picha iliyobanwa) ya MB 8 hadi 12. Ukipiga picha 600 kwa siku pale Ziwa Bogoria unarudi na karibu GB 17 za RAW, au GB 6 za JPEG. RAW za wiki nzima zinakaribia GB 120. Kisoma-kadi kinachopitia USB 2.0 husukuma takriban MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo kadi ya GB 64 iliyojaa itakuchukua nusu saa. Kisoma-kadi cha USB 3.0, kikiwa na kadi nzuri ya UHS-I (daraja la kasi ya kadi za SD), hupita MB 80 kwa sekunde na kuimaliza kadi hiyo kwa dakika 12 au 13. Kama kesho gari linatoka Kitale saa kumi na moja alfajiri, dakika hizo ni usingizi.

Mlango ni pamoja na idadi ya matundu. Ikiwa laptopu haina tundu la kadi ya SD ya ukubwa wa kawaida, utahitaji tundu moja la USB kwa kisoma-kadi na jingine kwa SSD, yote mawili kwa wakati mmoja. Kamera za kadi za XQD au CFexpress zinahitaji kisoma-kadi cha nje kwa vyovyote.

Cha pili ni nafasi: baki ya diski baada ya mfumo kuchukua yake, na kama fundi anaweza kuiongeza. Cha tatu ni umeme, yaani laptopu inachajiwa kwa nini, betri inatoka au haitoki, na pawabanki inaifaa au haiifai. Cha nne ni programu: mfumo umebakiza miaka mingapi ya masasisho na unazisoma picha zako au la. Cha tano ni matengenezo, kwa sababu kitu kikiharibikia Busia hutaki kuambiwa kipuri kiko Nairobi.

Uzito tumeuacha nje makusudi. Zote tatu zinacheza kati ya kilo 1.1 na 1.5, na tofauti hiyo humezwa na chaja utakayobeba.

Ex-UK ya ofisi, inchi 12.5

Hapa tunazungumzia Lenovo ThinkPad X250, X260 na X270, HP EliteBook 820, na Dell Latitude ndogo za mfululizo wa 7000. Ni mashine zilizokuwa ghali zilipotoka, zikatumika ofisini miaka michache, kisha zikauzwa kwa mafungu.

Mlango wa kadi: X250, X260 na X270 zina tundu la SD la ukubwa kamili ubavuni na matundu ya USB 3.0 yasiyopungua mawili. Kadi inaingia moja kwa moja, SSD inaingia kando yake, kazi inaanza. Angalia namba kwa makini, maana X280, ambayo kwa sura inafanana nazo, ina tundu la microSD tu, nalo limefichwa nyuma kwenye kitreya cha laini ya simu. Hiyo itakulazimu kununua kisoma-kadi.

Nafasi: hapa ndipo ex-UK inapowaacha wenzake mbali. X250 na X260 huchukua SSD ya kawaida ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7, inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya kompyuta. Kutoa ya GB 128 na kuweka ya GB 500 ni kazi ya muda mfupi: fungua skrubu za chini, bandua kifuniko kwa kadi ya plastiki, badilisha, funga. Kuna hatua moja ambayo mafundi wengi huiruka. Mashine hizi zina betri ya pili ndani, kwa hiyo kabla ya kufungua chochote ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), upande wa Config, kisha Power, uzime betri ya ndani. Usipofanya hivyo unagusa bodi yenye umeme, na bisibisi ikiteleza bodi inakwenda. Betri hujiwasha yenyewe ukichomeka chaja tena.

X250 ina nyongeza nzuri: nafasi ya modemu ndani yake hupokea SSD ndogo ya M.2 ya milimita 42, kwa hiyo unaweza kuwa na diski mbili ndani ya mwili mmoja. Inavutia, ila usiihesabu kuwa nakala mbili. Mkoba ukiibwa pale stendi, zimekwenda zote.

Kwenye RAM watu hupoteza pesa bure. X250, X260 na X270 zina nafasi moja tu. Ukinunua yenye GB 4 ukitaka 8, unatoa ile ya zamani na kununua nzima, huongezi juu yake. X250 hutumia DDR3L, X260 na X270 hutumia DDR4, na hazibadilishani. EliteBook 820 G3 ina nafasi mbili. X280 RAM yake imelehemiwa, kwa hiyo ukinunua ya GB 4 umeoana nayo.

Umeme: kwa X250 hadi X270, betri ya nyuma hutoka kwa kusukuma vibanio viwili, na kwa kuwa ile ya ndani inashikilia, unaibadilisha laptopu ikiwa inawaka. Betri kubwa ya nyuma ina Wh 72 (wati-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi), na ukiwa na moja ya akiba unaweza kukaa siku kadhaa Msitu wa Kakamega bila kutafuta soketi, mradi laptopu unaiwasha jioni tu kwa kunakili. X270 inachajiwa pia kwa USB-C. X250 na X260 haziwezi. Zinataka chaja yao ya volti 20 yenye kichwa bapa cha mstatili. Kwa bahati nzuri chaja hiyo imejaa madukani, na plagi ya Uingereza ya pini tatu ndiyo yetu.

Programu: Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea. X250 ni ya kizazi cha 5, X260 cha 6, na X270 ni cha 6 au 7. Zote ziko nje ya mstari. Windows 10 nayo ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wauzaji wengi wataweka Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, na itafanya kazi, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine kama hiyo. Njia safi zaidi ni Linux Mint: ni ya bure, inakwenda vizuri kwa GB 4 za RAM, inasoma exFAT (mpangilio wa faili wa kadi kubwa za kamera), na darktable au digiKam zitakufungulia RAW. Anayetaka kubaki na Windows 10 kwa kunakili tu, bila intaneti, hatari yake ni ndogo. Asiingie benki kwa mashine hiyo.

Kinachosumbua: betri zilizochoka, kwanza kabisa. Pili, kioo. Nyingi zilinunuliwa na kampuni kwa kioo cha bei ya chini cha pikseli 1366 kwa 768, ambacho rangi zake hugeuka ukikiangalia kwa upande. Kwa kuhifadhi hakina neno. Kwa kuamua picha ipi imeiva na ipi ya kutupa, tafuta yenye 1920 kwa 1080 na IPS (aina ya kioo ambacho rangi hazigeuki). Tatu, feni. Vumbi jeupe la upande wa Gilgil na Elementaita, kwenye machimbo ya Kariandusi, ni laini kama unga na huingia kila mahali. Ufukweni Mbita au Rusinga kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa mawingu kufuata taa usiku. Laptopu ya feni ikiachwa wazi chini ya balbu huwavuta ndani, nao hukauka kwenye mapezi ya kupozea. Zima taa ya chumba, fanya kazi kwa mwanga wa kioo, au funga dirisha.

Inamfaa mwenye RAW nyingi, anayetaka kuchagua na kusafisha picha njiani, na asiyeogopa kuitengeneza mashine.

Chromebook iliyotoka shuleni

Ni za inchi 11.6, plastiki ngumu, kona za mpira, zilizotengenezwa zikijua mtoto atazidondosha. Huuzwa kwa bei ya chini kuliko ex-UK, na hilo ndilo linalozipendeza.

Mlango wa kadi: baadhi zina SD kamili, nyingine microSD, nyingine hazina kitu. Matundu ya USB 3.0 kwa kawaida yapo. Programu ya Faili ya ChromeOS inasoma exFAT, FAT32 na NTFS, kwa hiyo kadi na SSD vikichomekwa pamoja, unaburuta folda kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupitia diski ya ndani. Kwa kazi ya kuhifadhi, hilo linatosha.

Nafasi: GB 16 au 32 za eMMC iliyolehemiwa, na mfumo unakula sehemu yake. Usidhani utaweka picha humo. Kwa hiyo ukiwa na Chromebook unahitaji SSD mbili za nje, siyo moja, na bei ya SSD ya pili inakula ule unafuu uliokuvutia. Wanaotegemea Google kushika nakala ya pili wapige hesabu kwanza: nafasi ya bure ni GB 15, inayogawanywa na Gmail, Drive na Photos, yaani haitoshi hata siku moja ya zile RAW. Ukilipia nafasi zaidi, bado GB 17 kupanda kwa mtandao wa Mbps 5 ni saa saba na nusu, kama laini haijayumba. Mjini Kisumu kwenye intaneti ya nyuzi inawezekana. Mlima Elgon kwa bando la simu, sahau. JPEG zilizochaguliwa, hizo zinapanda.

Umeme: hapa ndiye bingwa. Prosesa inakunywa kidogo, nyingi hazina feni, na modeli nyingi za kuanzia 2018 huchajiwa kwa USB-C. Pawabanki ya mAh 20,000 ni Wh 74, inatosha kuijaza mara moja na kubakiza kidogo cha simu. Sharti ni moja: iwe ya USB-C PD (kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C) ya wati 45 au zaidi. Ile ya wati 18 ya simu itaonyesha inachaji kisha asilimia inashuka. Ukipanda ndege Kisumu, pawabanki na betri za akiba huingia nawe ndani, si kwenye mzigo, na mpaka wa kawaida ni Wh 100, yaani kama mAh 27,000.

Programu: kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya masasisho. Septemba 2023 Google ilitangaza miaka 10 ya masasisho, lakini huanza kuhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, siyo tangu siku uliyoinunua wewe, na za zamani zina masharti yake. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, usome ratiba ya masasisho kabla hujatoa shilingi. Upande wa picha, JPEG hazina shida. RAW za aina kadhaa zinaonekana, lakini za kamera mpya zaidi huenda zisifunguke. Zitanakiliwa salama, hutaziona tu. Nenda dukani na kadi yenye picha zako ujionee.

Kinachosumbua: usajili wa shule. Chromebook ambayo bado imesajiliwa kwa shule yake ya zamani huomba akaunti ya shule hiyo kila ikifutwa upya, na hakuna fundi wa halali atakayekusaidia. Kuipima ni rahisi. Toka kwenye akaunti, ukiwa kwenye ukurasa wa kuingilia bonyeza Ctrl, Alt, Shift na R pamoja, uifute, uingie kwa akaunti yako ukiwa bado umesimama dukani. Muuzaji akikataa, aga kwa heshima. Mtego wa pili ni ile inayowaka na onyo kwamba ukaguzi wa mfumo umezimwa. Hapo kitufe kimoja kikibonyezwa kwa kiherehere kinaweza kufuta vyote vilivyomo. Na kama imetoka Marekani, plagi yake ni ya pini mbili bapa, kwa hiyo omba adapta.

Inamfaa mpiga JPEG, anayetembea miji yenye mtandao, au mtu anayetaka kitu cha kunakili tu ambacho akikidondosha ngazi za hoteli hatalia.

Mpya ya Celeron na eMMC

Hizi ni laptopu za inchi 11.6 hadi 14 zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 au 128, ndani ya kisanduku chenye karatasi zake. Watu wa picha huzidharau kuliko zinavyostahili.

Mlango wa kadi: mara nyingi microSD, na mara nyingi imeunganishwa kwa USB 2.0 kwa ndani hata kama matundu ya pembeni ni ya 3.0. Tumia kisoma-kadi cha nje. Hesabu pia matundu ya 3.0: zipo zenye moja tu, na jingine likiwa 2.0. Ukipitisha SSD kwenye 2.0 umerudi kwenye nusu saa.

Nafasi: GB 64 ndiyo hifadhi ya chini ambayo Windows 11 inakubali, na baada ya mfumo na masasisho utabaki na nafasi ya siku moja au mbili, kisha sasisho kubwa linaanza kulalamika kwamba halina pa kukaa. Ya GB 128 inavumilika. Baadhi zina nafasi tupu ya SSD chini ya kifuniko kidogo, na hiyo inabadilisha hesabu yote, basi geuza laptopu uangalie. Ukiona 1TB imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kisanduku cha laptopu ya GB 64, soma herufi ndogo: wakati mwingine ni nafasi ya mtandaoni ya OneDrive ya mwaka mmoja.

Umeme: betri ni mpya, jambo ambalo ex-UK haiwezi kuahidi, na prosesa kama Celeron N4020 inatumia umeme kidogo mno. Nyingi hazina feni, kwa hiyo wadudu wa Mbita na vumbi la Gilgil havina mlango. Chaja ndiyo udhaifu. Nyingi hutumia kichwa chembamba cha mviringo cha volti 12 au 19 cha kampuni hiyo tu. Ikipotea, kuipata Bungoma ni bahati. Ukiona yenye kuchajiwa kwa USB-C, ongeza pesa kidogo uichukue.

Programu: N4020 na N4500 zinakubaliwa rasmi na Windows 11. N3350, ambayo bado huzunguka madukani ikiwa mpya ndani ya kisanduku, haikubaliwi. Tofauti ya tarakimu chache, tofauti ya miaka. Kama Windows imekuja katika hali ya S, utaweza kusakinisha programu za duka la Microsoft tu. Kuitoa ni bure, lakini ukishaitoa huirudishi.

Kinachosumbua: mwendo. Kufungua folda ya RAW 600 na kungoja picha ndogo zijitokeze ni kazi ya subira. Zima mwonekano wa picha ndogo, tumia orodha ya majina, nakili, lala. Na eMMC ikifa, bodi nzima imekufa, kwa sababu imelehemiwa.

Inamfaa anayehitaji risiti na waranti, mathalani mnunuzi wa ofisi au mradi, na anayefanya kazi kwenye vumbi na wadudu.

Na bila laptopu?

Inawezekana. Simu ya Android yenye USB-C, kitovu kidogo chenye tundu la kadi na la SSD, basi. Tatizo ni mbili: kuna simu zisizosoma exFAT, ambayo ndiyo mpangilio wa kadi zote za zaidi ya GB 32, na simu hutoa umeme mdogo kiasi kwamba SSD na kisoma-kadi vikifanya kazi pamoja kimoja hukatika katikati. Kitovu chenye tundu la kupokea chaja hutatua hilo la pili. Kwa safari ya siku tatu ya JPEG, kadi mbili za ziada ni nafuu kuliko chochote kilichoandikwa hapa.

Ukaguzi dukani

Beba kadi yako ya SD, SSD au flashi ya USB 3.0, na simu yenye saa ya kupima. Chomeka kadi yenye faili za jumla ya GB 2, unakili hadi diski ya ndani au SSD. Ikiisha kwa sekunde 25 hivi, mlango ni mzima. Ikichukua karibu dakika nzima, kadi au flashi nayo ikiwa nzuri, unapita USB 2.0. Kadi isipokaa, ikirukaruka, springi ya tundu imekufa.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya pili ikiwa chini ya asilimia 60 ya ile ya kwanza, bei ya betri nyingine itolewe kwenye bei ya laptopu. Ikiwa kifuniko cha chini kimevimba au padi ya kipanya haibonyezeki, betri imefura. Usiichukue hata kwa punguzo.

Zima, washa, uingie BIOS. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, kampuni iliyoitoa iliifunga, na kwa ThinkPad hiyo si kitu cha kufutwa kwa kutoa betri ndogo ya bodi. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Kwenye kibodi ya Uingereza alama ya @ na ya kufungua usemi zimebadilishana nafasi, hiyo si hitilafu.

SSD ya nje

Chagua SSD, si diski ya kuzunguka. Diski ya kuzunguka ikigongwa ikiwa inaandika, kwa mfano kwenye matatu inayoruka matuta ya barabara ya Kericho, kichwa chake hugusa sahani na hakuna cha kuokoa kwa bei ya kawaida. Iwe imeumbizwa kwa exFAT, siyo FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, na video yako ya kwanza ndefu itagoma.

Jihadhari na zile "SSD za 2TB" za bei ya chakula cha mchana. Ndani huwa na kadi ndogo na programu inayodanganya ukubwa. Zinapokea faili zote bila malalamiko, kisha zinaanza kuandika mpya juu ya zilizotangulia. H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux huzifichua: zinaijaza diski yote na kuisoma tena. Huchukua saa kadhaa. Fanya hivyo nyumbani kabla ya safari, risiti ikiwa bado ina maana.

Usiku, nakili kadi nzima kwenye folda yenye tarehe, mahali na namba ya kadi, mfano 2026-03-14_Dunga_kadi2. Usihamishe, nakili. Kwenye Linux, tumia amri ya rsync -a kwanza, kisha irudie ikiwa na -c ili ilinganishe yaliyomo. Kwenye Windows, TeraCopy yenye ukaguzi ikiwa imewashwa. Toa SSD kwa njia ya mfumo, siyo kwa kuvuta. Nakala ya pili ikae mfuko mwingine, ikiwezekana kwa mtu mwingine. Kadi usiifute kwa laptopu, iumbize ndani ya kamera, na baada ya nakala mbili tu. Radi za mchana za Kericho na Kakamega zikianza, chomoa chaja na uendelee kwa betri.

Kwa hali yako

Mpiga picha za harusi, Kisumu leo na Kakamega kesho, anayepiga RAW na kutuma chache usiku huohuo: ex-UK yenye GB 8 za RAM, SSD ya ndani ya GB 500, kioo cha IPS, na SSD moja ya nje.

Mtafiti au mwanafunzi atakayekaa wiki msituni au Hifadhi ya Ruma bila soketi ya uhakika: X270 yenye betri kubwa ya nyuma na moja ya akiba. Kama hahitaji kuzitazama RAW, Chromebook ya USB-C na pawabanki mbili zinatosha, mradi SSD ziwe mbili.

Anayezunguka visiwani, Rusinga na Mfangano, au anayeshinda kwenye vumbi la Bonde la Ufa: isiyo na feni, iwe Chromebook au Celeron mpya. Ibebe ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, hasa kwenye boti.

Mtalii wa Ziwa Nakuru na Menengai, siku tatu, JPEG: Chromebook ikiwa anaitaka pia kwa mambo mengine, la sivyo kadi za ziada na simu.

Shirika au shule inayotaka waranti: Celeron mpya ya GB 128, N4020 au ya baadaye, chaji ya USB-C, na kisoma-kadi cha USB 3.0 kwenye risiti hiyohiyo.

Na mwenye KSh 30,000 kamili ambaye tayari ana laptopu ya zamani nyumbani inayowaka: aweke SSD ndani yake, anunue betri mpya na SSD mbili za nje, asafiri nayo.